Namba ya Papa Kanyamibwa

Benita alikuwa amechoka na namba. Kambi ya Kashuga ilikuwa imepangwa upya mara nyingi hivi kwamba watoto waliozaliwa humo walibadilisha namba mara nyingi zaidi kuliko walivyobadilisha nguo. Safari hii sababu ilikuwa tope. Mvua iliporomosha kipande cha mlima juu ya vibanda vya chini, na shirika likaamua kila kaya ihamie upande wa juu, ipewe namba mpya, na ndugu wasitenganishwe.

Hilo la ndugu ndilo lililomwangukia yeye. Benita naye alikuwa mkimbizi, alitoka Kibabi na mumewe Constantin na watoto, ila kwa kuwa alisoma kompyuta Goma, walimpa meza, mashine na betri ya sola. Faili lake lilikuwa la jozi za namba, jozi moja kila mstari: kaya hii ni ndugu wa kaya ile. Mkuu wake, Edmond, alimtumia kijiprogramu kisicho na picha wala kitufe. Unaandika amri kwenye skrini nyeusi, unakilisha namba za zamani zilizoparaganyika, nacho kinakurudishia namba mpya zinazofuatana kuanzia sufuri, bila kukata undugu wa mtu. Mwishoni kinatoa jedwali la nani akae ubavuni mwa nani.

Kilifanya kazi bila kelele. Aliyelalamika ni Mama Mukankusi peke yake, aliyepewa sufuri. "Sufuri? Siye njo hatuna maana?" Benita alimweleza kwamba mashine huanza kuhesabu hapo. Mama akasema basi mashine nayo haikulelewa vizuri.

Kwenye jedwali hilo Benita alikiona kibanda chake. Ubavu mmoja wifi yake Chantal, ubavu wa pili hakuna mtu, ni miti ya mikalitusi tu. Alilitazama lile pengo kwa tamaa. Tangu waikimbie Kibabi alikuwa hajawahi kulala bila pumzi ya mtu mwingine nyuma ya turubai.

Ndipo Papa Kanyamibwa alipoingia, akajishikiza mlangoni akikohoa. Mzee huyu aliwahi kuwa na shamba zuri la maharage mlimani. Sasa alikuwa na kikohozi, na maombi. Jogoo wa kwanza akiwika, naye anaanza, kwa sauti ya kuamsha mtaa. Majirani walimsihi apunguze. Aliwajibu: "Mungu iko mbali."

"Mama Benita, namba yangu ya mupya iko?"

Benita akatafuta. Hakuna. Akaendesha amri upya, programu ikajibu kwamba imemaliza salama. Hakuna tena. Namba yake ya zamani haikuacha hata tundu, maana wote waliomfuata walisogezwa mbele kuliziba.

Akakaa akifikiri, kisha akaelewa. Faili lilikuwa la jozi. Asiye na jozi hayumo. Programu haikumfuta mzee, haikuwahi kuambiwa kwamba yuko.

"Papa, wakati walikuandika, walikuuliza uko na nani?"

"Waliniuliza."

"Ukajibu nini?"

"Nilisema niko na Mungu." Akashangaa kuulizwa. "Ningesema nini ingine?"

Na mwandikaji, kwa kuwa Mungu hana namba ya kaya, akaacha wazi.

Benita akampigia Edmond. "Mufunge na yeye mwenyewe," Edmond akasema. "Namba yake mara mbili ku mustari moja. Programu itamuona."

"Na atalala wapi?"

"Wale wa peke yao wanabakia mu hangari ya chini."

Hangari ya chini, lile banda kubwa la pamoja, ndiko tope lilikoingia. Mzee mwenye kifua kile asingemaliza msimu wa mvua, na Edmond hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu mbali, huko Goma.

Benita akaenda kwa Mukashema, mjane aliyempelekea mzee sahani ya ugali kila jioni. Mukashema alimsikiliza huku akichambua maharage. "Chakula ni chakula, dada. Lakini ukiandika namba yangu na yake pamoja, kesho watu watasema nimeolewa. Na ile maombi yake, nani ataiweza?" Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kila mtu kambini alijua mzee asaidiwe, na kila mtu alijua wa kumsaidia ni mwingine.

Akarudi mezani. Mawingu yalikuwa yameziba jua na betri ilikuwa inakufa. Alimkasirikia Edmond, akamkasirikia mzee, akamkasirikia hata Mungu ambaye hakubali kuandikwa popote. Kisha akaongeza mstari mmoja: namba ya Papa Kanyamibwa, na namba yake mwenyewe. Akabonyeza. Ile mikalitusi ikatoweka kwenye jedwali.

Wakahama. Alfajiri ya kwanza kule juu jogoo aliwika, na nyuma ya turubai, karibu kabisa na sikio la Benita, mzee akaanza. Alimshukuru Mungu kwa pahali pakavu. Alimshukuru kwa namba. Alimshukuru kwa majirani wema ambao Mungu mwenyewe aliwachagua, bila kutaja jina. Constantin akavuta blanketi kichwani. Benita alilala macho wazi, na machozi ya uchovu yakamtoka.

Mvua hazikuwa zimeisha shirika jingine lilipokuja kuandika watu upya. Benita alikuwa amejilaza mchana, kichwa kikimgonga, aliposikia sauti ya kijana upande wa pili wa turubai.

"Papa, uko na nani?"

"Niko na Mungu."

Benita alilijua jibu hilo. Alijua kijana anashuka kwenye swali linalofuata na kuacha wazi, na alijua mstari huo wazi unampeleka mzee wapi. Alijua pia kwamba akinyamaza, huenda safari hii atapata mikalitusi yake.

"Na siye!" akapaza sauti, bila kuinuka. "Andika Papa iko na siye."