Nani Ataonja Kwanza

...na sukari, binti anasema, wengine wanataka waandike sukari ni kiasi gani, wengine wanauliza kama inanenepesha, na Mama Loro anaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia, lakini macho yake yapo kwa Sanyu, mke wa marehemu Loro, anayetoka jikoni na kikombe cha maji, anatembea polepole yasimwagike, na huyu binti Achok, ametoka ofisi za huko Thongpiny, tangu asubuhi anazunguka mtaa wa Nyakuron na simu yake akiuliza watu wanataka nini kiandikwe kwenye chupa za pombe, kunenepa, jamani, nani hapa amezikwa kwa kunenepa, zamani pombe ilikuwa na mdomo, mama yake Mama Loro alipopika araki, pombe kali ya nyumbani, alimimina kidogo, akanywa yeye kwanza mbele ya mnunuzi, akajifuta, ndipo akampa, asiyeonja pombe yake inalala bila mnunuzi, hata mtu asiyejua kusoma kama Mama Loro aliona kwamba ndani hamna kitu kibaya, na Sanyu hakuonja... hilo analo moyoni, magomvi yote ya ukoo anayakumbuka yeye, la mbuzi wa mahari aliyefika anachechemea, la shemeji aliyekula msibani akanung'unikia chumvi, mkitaka kujua nani alianza mnakuja kwake, lakini hili analala nalo, Jumapili ile Sanyu alitoka dukani na chupa, akafungua, akammiminia mumewe bila kuweka hata ulimi, "Mama, mimi nimeokoka, pombe sigusi," na kesho yake Loro yuko kitandani anapapasa ukuta, mama, nani amemwaga maziwa machoni kwangu, naona maziwa tu, na kabla ya jua kuzama, kalas, basi, akanyamaza, naye Mama Loro akasimama mbele ya waombolezaji akanyoosha kidole, mkono ule, mkono ule ndio uliomimina, na tangu hapo maji ya Sanyu, chai ya Sanyu, uji wa Sanyu, hanywi mpaka Sanyu aonje mbele yake, na Sanyu anaonja, kila siku, hajajibu hata neno, na kunyamaza kwake nako ni kosa jingine, mtu safi si angejitetea...

Binti anachimba kwenye mfuko, anasema hebu tuangalie mfano, anatoa chupa tupu, kifuniko cha njano, picha ya nyati, na Mama Loro anaijua, ndiyo yenyewe, nyati yule yule aliyekuwa amelala chini ya kitanda cha Loro. "Hii, haboba, bibi yangu, ina jina na hii arobaini ya ukali, basi. Ndani wametia nini, haikuandikwa. Imetengenezwa wapi, haikuandikwa." Halafu anaongeza, kama anayesimulia mvua ya jana, kwamba huko Hai Mauna amekutana na mzee mmoja, Puok, anaishi peke yake, alinunua hii hii akajimiminia, sasa anashikwa mkono na jirani kwenda chooni, anasema kila kitu ni maziwa.

Maziwa... mtu wa peke yake, hana mke, hana mkwe, hakuna Sanyu katika nyumba ile, alifungua kwa mkono wake, na maziwa yakaja, na kama Sanyu angeonja siku ile si yangekuwa makaburi mawili, na watoto wa Loro wangelelewa na nani, lakini kama si mkono ule ni mkono gani, kifo hiki kilikuwa na uso, aliuona kila asubuhi ukimletea chai, aliuchukia akapata nguvu ya kuamka, na sasa uso unaondoka, kumebaki mtu asiye na jina, mahali pasipoandikwa, anajaza chupa, anafunga vifuniko vya njano, na marehemu Loro anamjia mama yake kwa nyuma, papasa, papasa, mama, nani, na yeye aliyetunza majibu ya ukoo mzima hana la kumpa.

"Haboba, wewe unataka waandike nini?"

Sanyu amefika, anainua kikombe kwenye midomo yake mwenyewe, kama jana, kama juzi.

"Usionje," anasema Mama Loro. "Lete hivyo hivyo."

Mkono wa Sanyu unasimama hewani, binti anangoja na simu yake, kikombe kiko kati ya wanawake wawili, na nyuma ya Mama Loro, ukutani, vidole vya Loro bado vinatafuta mlango.