Santuri Nyeusi Niliyoianika Juani

Nilisikia kwamba kijana akianza kusikiliza muziki usio na maneno, basi anaaga. Si kwamba anaaga dunia, anaaga kwao. Aliyeniambia ni mwenzangu wa kazini, yule tunayemwita Redio, tukikunja mashuka ya hoteli, yeye kashika pembe mbili na mimi mbili. "Kwanza wanaacha kuongea," alisema. "Halafu siku moja unakuta kabati tupu." Nikamwambia aache uzushi. Lakini neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, maana nyumbani nina binti wa miaka ishirini na sita, na mwezi ule alikuwa ameleta santuri nyeusi.

Binti yangu anakata vioo vya madirisha. Kazini wanamwita Milimita, kwa sababu hata kikombe cha chai anakiweka mezani kama amekipimia. Akirudi jioni ananawa, anaingia chumbani, anaweka santuri kwenye mashine yake, anakaa sakafuni na kuegemea ukuta. Dakika arobaini hasemi neno. Ananyanyuka mara moja tu, kuigeuza upande wa pili.

Jalada nalo jeusi, lina picha ya ngazi isiyo na mtu. Siku moja nilisimama mlangoni na kikapu changu cha nguo, nikauliza, "Huyu mwimbaji anaanza saa ngapi?"

"Hakuna mwimbaji, Mama."

"Aliugua?"

"Hawakumhitaji. Ni magitaa mawili, besi na ngoma. Inaitwa posti-roki."

"Na hawa jamaa wamefiwa na nani?"

Akacheka, kisha akajikaza. "Hii ndiyo albamu yao ya kwanza. Bendi nyingi zilizokuja baadaye zimejifunzia hapa."

"Kumbe huzuni inaambukiza."

"Mama, nifungie mlango. Na tafadhali, vitu vyangu usiviguse. Ulifua jaketi langu na futi ya kupimia mfukoni, barua yangu ukaitupa ukidhani ni karatasi tu. Ukigusa tena, nahama. Sitanii, chumba nimeshakiona, karibu na karakana."

Chumba ameshakiona! Nikaona dawa ni moja: nisikilize mwenyewe, nijue hao watu wanamwambia nini mtoto wangu.

Alhamisi sikuwa na zamu, yeye akaenda kazini. Nikajiambia kwamba mama haingii tu chumbani kwa mwanawe, anakagua. Nikashusha sindano kama nilivyomwona akifanya. Mwanzo kimya, halafu kri, kri, kri. Sasa mimi ni dobi. Miaka thelathini natoa mafuta, mvinyo na rangi ya midomo kwenye vitambaa vya meza. Nikisikia kitu kinakwaruza hivyo, kwangu huo ni uchafu.

Nikaiosha. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini, kitambaa laini. Hadi hapo sikuwa nimeharibu sana. Kisha nikaianika dirishani, jua kali, juu ya taulo jeupe. Niliporudi kutoka kwenye kamba ya nguo, santuri ilikuwa imeinua kingo kama bakuli la supu.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikachomeka pasi. Nikaweka moto wa hariri, nikalowesha kitambaa, nikakitandaza juu ya santuri. Pasi iko mkononi, mlango ukafunguka. Siku hiyo walikuwa wamemaliza kazi mapema.

"Mama," binti yangu akasema taratibu, kama anayeongea na mwizi mwenye kisu. "Weka pasi chini."

Nikaiweka. Na maneno yote yakanitoka. "Nimesikia unaaga! Nilitaka kujua humu ndani mna nini, mpaka unataka kunihama."

"Nani kasema naaga?"

"Redio."

"Redio ya taifa, au ile ya mashuka?"

"Ya mashuka," nikajibu.

Akaitazama santuri, akanitazama mimi. Machozi yalikuwa yakimlengalenga, na kicheko kiko hapo hapo kinamsumbua. Akatoka, akarudi na vioo viwili vinene. Bila kuniangalia akauliza, "Joto la kulainisha bila kuunguza, unaweza kulijua kwa mkono?"

"Usinitukane, mwanangu."

Tukafanya kazi mchana wote uliobaki. Yeye aliilaza santuri katikati ya vioo. Mimi nilipasha mataulo kwa pasi, kila taulo nikilijaribu shavuni kwanza, nikafunika kioo cha juu. Tukaweka uzito, tukaacha ipoe yenyewe. Jioni ilikuwa imenyooka, karibu yote.

"Kaa," akaniambia. Nikakaa sakafuni, magoti yakinung'unika.

Gitaa moja linarudia sauti zile zile chache, kama mtu anayetembea chumbani bila kuwasha taa. La pili linakuja polepole. Besi iko chini kabisa, kama mashine kubwa ya kufulia ukiisikia kutoka ghorofa ya juu. Muda mrefu hakitokei kitu. Nilitaka kusema "Enhe?" akaniwekea kidole mdomoni. Mara ngoma zikaingia zote kwa pamoja, nikamkamata mkono. Ni giza, sidanganyi. Lakini ni giza la mtu anayetua mzigo mzito kwa uangalifu, asivunje kitu.

Mahali pamoja sauti ikayumba kama mlevi.

"Hapo ndipo ulipoianika," alisema.

"Pamekaa vizuri?"

"Pabaya, Mama. Pabaya sana." Lakini hakuinuka.

Ilipokwisha akasema, "Kutwa nzima nasikia vioo vikilia kwenye mashine. Nikikaa hapa nasubiri masikio yangu yarudi. Siondoki. Ila mlango ni mlango."

Jumamosi alileta kitasa, akakifunga mwenyewe, akipima mara tatu. Redio aliposikia akasema, "Si nilikwambia? Ameanza." Nikamjibu kwamba mtu anayehama hanunui kitasa. Ufunguo wa pili nimeuomba, jibu bado. Ila kila Jumamosi mchana nakaribishwa, upande wa kwanza tu.

Akina mama wenzangu, epukeni haya:

Kuingia chumbani kwa mtoto mzima kwa kisingizio cha usafi.
Kuosha santuri kwa sababu inakwaruza.
Kuianika juani, hata dakika kumi.
Pasi.
Kuuliza mwimbaji yuko wapi zaidi ya mara moja.
Kuongea kabla ngoma hazijaingia.
Kumuuliza mtu wa kazini habari za mwanao kabla hujamuuliza mwenyewe.