Kutoa Mara Mbili

Picha kutoka kwa Meitamei, iliyopigwa kwa simu ya mwenzake, ilinifikia saa tatu asubuhi nikiwa Kitengela, chai bado mkononi. Meitamei ni mhudumu wa josho la ng'ombe huko mbele ya Kajiado, njia ya Namanga. Kikokotoo kilicho kwenye simu yake nilikitengeneza mimi, kwa Haskell, lugha ya kuandikia programu, na majivuno tele. Unaandika hesabu kama ulivyofundishwa darasani, chenyewe kinaisoma na kukupa jibu.

Boza lilikuwa limeleta lita 12,000 za maji. Shule ya jirani ilichukua 3,000, zahanati 1,500, yaliyobaki yakamwagwa joshoni. Dawa ya kupe hupimwa kulingana na maji. Kwenye picha, kikokotoo kilisema: 12000 - 3000 - 1500 = 10500. Chini yake Meitamei ameandika: "Dawa tumeweka. Ng'ombe wanaingia sasa."

Kando ya simu ilionekana karatasi yake. Alikuwa amepiga hesabu kwa mkono, akapata 7500, kisha akaikata kwa kalamu. Aliniamini mimi kuliko akili yake.

Kosa nililijua papo hapo. Nilikuwa nimeiagiza programu isome namba ya kwanza, na ikikuta alama ya kutoa, ianze upya na kumalizia kwanza yote yaliyobaki. Kwa hiyo ilianza na 3,000 kutoa 1,500, ndipo ikarudi kwenye 12,000 na kutoa 1,500 tu iliyopatikana. Nami niliijaribu kwa kujumlisha, ambako mpangilio haudhuru, na kwa kutoa mara moja tu. Haraka haina baraka, na mimi nilikuwa na haraka ya kusifiwa.

Nikapiga simu. Haikupokelewa. Nikapiga tena na tena, maana kwa desturi yao ng'ombe wa mhudumu ndio hutangulia, wenzake waone dawa ni salama. Mara ya nne akapokea.

"Ng'ombe wasiingie," nikasema. "Hesabu yangu ina makosa. Dawa ni kali."

Nikamsikia akipaza sauti kwa Kimaasai, kisha lango likabamizwa. Aliporudi alizungumza kwa upole, na upole huo uliniumiza kuliko matusi.

"Dada, wangu wanne washapita. Sasa tufanye nini?"

Nikamwambia awaoshe hao wanne mara moja kwa maji ya zahanati, kisha aongeze lita elfu tatu joshoni ili dawa iwe sawa.

"Elfu tatu iko tu kwa tanki ya shule," akasema. "Na boza inarudi wiki ijayo."

Mwalimu mkuu, Bi. Nanjala, nilimpigia mwenyewe. Nisingeweza kumwachia Meitamei aibu hiyo. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kama ng'ombe watapona. Nikasema sijui. Akasema wachukue.

Jioni Meitamei aliandika kwamba wale wanne wamesimama, wanakula. Nililia kwa kushukuru. Programu nilikuwa nimeshairekebisha, mstari mmoja tu, na sasa inasema 7,500. Joshoni kuna 10,500, na tanki la shule halina kitu.