Kamba ya Emérence

Kamba ilianguka majini tena, na hakuna aliyeinama kuiokota.

Emérence aliivuta ikichuruzika maji, akaikunja miguuni. Mbele yake, kwenye mwalo, pale pa kuegeshea, mitumbwi ililala ubavu kwa ubavu kama watoto wa nguruwe wanaonyonya, kila mmoja umefungwa kwa mwenzake, wa kwanza kwenye kigingi cha nchi kavu. Watu wa pale waliishi humo humo mitumbwini: wakipika, wakigombana, wakizaa. Bukavu nzima iliwasifu kwa ukarimu. Ilisemekana mgeni akifika kwao na njaa, huondoka mkanda haumtoshi. Lakini mtu hakuwa mgeni mpaka mwenyeji aipokee kamba yake na kumwambia karibu. Kujifungia mwenyewe ilikuwa sawa na kuingia nyumba ya watu kwa dirisha.

"Enda Kalehe!" alipaza sauti Théodore, mkubwa wa mwalo, kutoka mtumbwi wa mwisho katika mstari. "Apa hakuna nafasi."

"Natoka Kalehe, papa. Kule balisema niende Bukavu."

"Mwanamuke hashike kasia. Bwana yako iko wapi?"

"Iko ku kaburi. Unataka nimwite akuonyeshe heshima?"

Wanawake waliokuwa wakichambua maharagwe walicheka, kisha wakakumbuka wako upande gani, wakafunga midomo.

Kule kisiwani Idjwi, shemeji yake alikuwa amechukua nyumba, migomba, hata kuku aliyekuwa akiatamia mayai. Mtumbwi aliuacha kwa sababu ulivuja. Emérence aliuziba kwa matambara, akazunguka ziwa ghuba kwa ghuba akiuza ndizi, na kila mahali walinunua ndizi wakamfukuza mwenye ndizi. Mjini asingeweza kulala bila karatasi ya ruhusa. Mji wenyewe ulikuwa umevuliwa jina la Kizungu kwenye vibao ukaitwa Bukavu, lakini polisi walikuwa wale wale. Majini tu ndiko hakuna aliyemuuliza karatasi. Na baada ya mwalo huu, ziwa lilikuwa limekwisha.

Basi akatia nanga pale pale, mbele ya macho yao. Nanga yake ilikuwa jiwe la kusagia, kitu pekee alichowahi kukitoa jikoni kabla shemeji hajafika na kufuli.

"Maman, unataka kusaga ziwa?" aliuliza Colette, mke wa Théodore. "Utatupa na siye bugali?"

"Nitaanza kukusaga weye."

Jiwe likazama. Watu wa mwalo waliapa baadaye kwamba lilipogusa chini, maji yalipanda upande wa Rwanda yakalowesha nguo zilizokuwa zimeanikwa. Mtumbwi ukatulia kama uliopigwa misumari.

Hapo Théodore alishindwa kuvumilia. Alimwamuru Colette ahamie mtumbwi wa jirani, akafungua kamba yake kutoka kwenye mstari, akashika upondo mrefu aje amsukume mwanamke yule mpaka huko alikozaliwa. Kasia aliliacha kwa jirani. Safari yenyewe ilikuwa fupi hivyo.

Upepo wa Idjwi ukamkuta njiani.

Alichomeka upondo ili ajizuie, ukazama wote mpaka kwenye vidole vyake bila kupata chini. Ukamtoka. Mtumbwi ukageuka, ukaanza kwenda ubavu, bila haraka, kuelekea nyuma ya rasi, ambako boti nyeupe za Wazungu zilifungwa zimepangwa kama sahani za kilabu chao. Kulikuwa na mtu wa mwalo aliyewahi kuikwaruza rangi boti moja kati ya zile. Mke wake bado alimpelekea chakula gerezani.

Katika njia yote ile kulikuwa na kitu kimoja tu kisichosogea: mtumbwi wa Emérence.

Théodore alitupa kamba. Ikaanguka vizuri kabisa, ikalala juu ya ndizi za mwanamke yule.

Emérence hakuinama.

"Shika, maman!"

"Niko na jina."

"Jina gani?"

"Emérence."

"Emérence, shika kamba! Upepo unanibeba!"

"Naona. Sema kwanza."

"Niseme nini?"

"Ile munasemaka kwa bageni."

Mwaloni maharagwe yaliachwa. Wanaume walisimama mitumbwini, na mstari mzima ukayumba. Théodore aliwatazama, akazitazama boti nyeupe, akamtazama mwanamke aliyetia nanga kwa jiwe la jikoni akakaa kama malkia juu ya kiti.

"Sema, kichwa ya mbuzi!" alilia Colette.

Kamba ilianza kuteleza juu ya ndizi, kurudi ziwani. Emérence akaikanyaga kwa kisigino, si kwa nguvu, akangoja.

Théodore alifungua kinywa. Mvua ikafika, ikatangulia kuingia kinywani kabla karibu haijatoka.