Pumzi katika Kipimo cha Tisa

Mimi sisahau. Meneja aliyetunyima glavu namkumbuka, mpaka rangi ya tai yake. Msimamizi aliyesema wenye kiu wangoje saa sita, naye namkumbuka, tarehe na saa. Miaka ishirini na sita nimesimama juu ya kreti mbele ya lango la kiwanda nikiwakumbusha wenzangu nani katufanyia nini, mpaka wakanibandika jina la Daftari. Ndiyo maana bendi ya wafanyakazi ilipotimiza miaka hamsini na kutaka muziki mpya wa kupuliza, kuhusu mtu anayeitafuta njia yake, hawakwenda kwa mwalimu mwenye cheti. Walikuja kwangu.

"Daftari, wewe njia yako umeichonga mwenyewe," alisema mpiga tuba, mwenyekiti wetu. "Tuandikie hiyo."

Nikavimba kichwa. Noti nilijifundisha kwa kitabu kisicho na jalada, mistari mitano nikiichora kwa rula ya chuma ya karakana, na sikumwachia mtu yeyote asahau hilo.

Wiki tatu niliandika takataka. Matarumbeta yalifoka kama mimi nikiwa juu ya kreti, ngoma zikaitikia, na hapakuwa na mtu anayetafuta chochote. Wote walikuwa wameshafika. Kisha Jumapili moja, napiga pasi shati, wimbo ukaja mzima mzima. Klarineti peke yake, inapanda, inasita, inapanda tena. Nilikimbilia karatasi, nikauandika bila kufuta hata noti moja. Shati liliungua na wala sikujali.

Mazoezi yetu ni Jumatano baada ya kazi, ndani ya bwalo la chakula, mabenchi yakisukumwa ukutani. Klarineti ya kwanza ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, msichana ambaye ulimi wake hauna breki. Alipiga vipimo vinane vya mwanzo, vile vyumba vya noti vinavyotengwa kwa mistari ya wima, vizuri ajabu. Cha tisa akasimama.

"Mjomba, hapa umeweka alama ya pumzi."

"Basi pumua."

"Katikati ya wimbo? Mimi nafika kipimo cha kumi na mbili bila kuvuta hewa."

"Mwache apumue," alidakia mtu wa tromboni. "Angalau tupate sekunde moja ya kutomsikia."

Bwalo zima likacheka. Yeye hakucheka. Alipiga tena, polepole, akapumua pale nilipomwandikia, halafu akaishusha klarineti magotini.

"Huu si ule wa baba?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Baba pumzi ilikuwa inamkatikia hapohapo."

Nikasema tuendelee na ngoma. 

Baba yake ni shemeji yangu. Miaka kumi na tisa iliyopita tulikuwa naye pamoja kwenye mapipa ya rangi, hewa ikituchoma macho, tukamwandikia meneja barua ya kudai feni. Nasema tuliandika. Niliandika mimi, neno kwa neno, na matusi mawili ndani yake niliyoyaonea fahari. Nikampelekea shemeji: "Anza wewe, mwandiko wako unasomeka, mimi nitafuata." Akaweka jina lake juu kabisa. Chini yake wakasaini kumi na wanne. Mimi sikufuata. Nilijiambia kiongozi asijianike mapema.

Meneja aliwapanga wote uani akauliza nani kaandika. Kimya. Akasoma jina la juu. Shemeji akafukuzwa kazi siku ileile, na mimi kwa wiki nzima nikasimama juu ya kreti nikilitaja jina lake kwa uchungu mkubwa, watu wakanipigia makofi. Langu sikulitaja.

Akapata kazi kwenye kiwanda cha mbao. Vumbi likamwingia kifuani likakaa. Jumapili nikienda kula kwao nilimsikia chumba cha nyuma akipuliza kwa klarineti wimbo aliokuwa akiutunga mwenyewe, na kila mara pumzi ikimkatikia mahali palepale. Anakohoa kidogo, anaendelea. Mimi huku mezani naongeza mchuzi. Na sasa wimbo huohuo nimeuandika wote, hata pale alipokuwa akiishiwa pumzi, nikaweka jina langu juu.

Jumamosi nilikwenda kwake. Nilimkuta barazani akisugua kwa msasa kipande cha mwanzi cha mdomo wa klarineti, cha bintiye. Yeye kupuliza ameshaacha.

"Karibu, mtunzi," alisema. Kumbe habari ilikuwa imenitangulia. "Shemeji, umeniibia hadi kikohozi?"

Nilimpa karatasi. Nilikuwa nimelikata jina langu kwa mstari wa rula na kuandika lake. Aliisogeza mbali na macho, akasoma, akanirudishia.

"Futa."

"Ni wako."

"Najua ni wangu. Lakini wewe ulishawahi kuliweka jina langu juu ya karatasi mara moja. Inatosha."

Nikanywea. Halafu nikasema nililolibeba miaka yote: "Ile barua niliiandika mimi."

"Unadhani nani mwingine angemwita meneja panya wa stoo?" Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, tukangoja kiishe. "Nilinyamaza kwa sababu dada yako alikuwa na mimba. Nikasema bora mmoja wetu abaki na mshahara, atatushika mkono. Ukawa unatuletea vipeperushi."

 Nilikuwa nakumbuka hata rangi ya vile vipeperushi.

"Unataka nifanye nini, shemeji?"

"Mimi unaniuliza? Jina lako halijawahi kuingia kwenye ile barua. Anzia hapo."

Jumatano sikupanda juu ya kitu. Nilisimama chini, kati ya mabenchi, nikawaambia: barua ya feni niliandika mimi, nikamsukuma shemeji mbele, nikajificha nyuma ya jina lake, na wimbo wa klarineti ni wake, ameniamuru nisimwandike juu. Maneno yangu yote hayakufika dakika mbili. Mpiga tuba, ambaye ni mmoja wa wale kumi na wanne, aliangalia viatu vyake. 

"Na njia uliyoichonga mwenyewe?" aliuliza mpiga tuba hatimaye.

"Nilikanyaga mgongoni kwa mtu."

Mpwa wangu alikuwa analowesha mwanzi mdomoni. Baba yake hakuwa amemwambia lolote kuhusu ile barua, niliona wazi. Miaka yote hiyo alikuwa akinichotea maji ya kunawa. Aliufunga mwanzi, akauinua uso.

"Ile pumzi ya kipimo cha tisa," alisema, "niifute au ibaki, bwana mtunzi?"

Hakuwa amewahi kuniita hivyo.

"Ibaki," nilisema.

Akapiga. Alipofika pale, alinyamaza muda mrefu kuliko nilivyoandika, macho yake kwangu, na bendi nzima ikamngoja.