Vishikwambi Vilivyofungwa Kanga

Bi Mejumaa, mkutubi wa shule, alifungua kabati la chuma la maktaba, akatoa kishikwambi cha kwanza, akakibonyeza ubavuni na kungoja. Kioo kilibaki cheusi. Akatoa cha pili, akakishikilia kwa muda mrefu zaidi huku midomo yake ikisoma uradi wa Ya Latifu. Nacho hakikuwaka. Alipofika katikati ya rafu hakujua tena kama anaomba au analia.

Wageni wangekuja kesho asubuhi. Walikuwa watu wa shirika lililoipa shule vile vishikwambi mwaka jana, na mwalimu mkuu alikuwa amemweleza bila kumficha: wasipoona watoto wakisoma humo, vifaa vitachukuliwa, na chumba cha maktaba kitageuzwa darasa. Vitabu vitapelekwa kwenye ghala moja huko Shimanzi. Hapakuwa na chumba kingine cha kuviweka. Shule ilikuwa jengo la mawe la zamani, limebanwa na nyumba za watu katika kichochoro cha Mji wa Kale, na watoto walikuwa wengi kuliko madawati. Wengi wao kwao hakukuwa na kitabu, wala pembe ya kukaa mtu akasoma asisumbuliwe. Hapa walikuwa na jamvi, dirisha linaloingiza upepo, na Bi Mejumaa.

Hakuwa mvivu. Vishikwambi vilipoletwa, mwalimu Lewis ndiye aliyepelekwa kufundishwa namna ya kuvitumia, na kabla hajamfundisha mtu mwingine akahamishiwa Voi. Vikabaki kwa mkutubi, pamoja na neno la mwalimu mkuu: "Kikivunjika kimoja, Bi Mejumaa, ni juu yako." Basi akavitunza kama mamake alivyotunza nguo za harusi. Hakubandua nailoni kwenye vioo. Alivifunga kanga mpya, akatia karafuu ili wadudu wasiingie, akavifungia kabatini. Kila Alhamisi alilifukiza kabati ubani, kama alivyofukiza rafu za vitabu visishike uvundo. Watoto walipoomba kuviona, aliwapeleka kwanza mferejini wakanawe, ndipo akawafunulia.

"Kwa macho," aliwaambia. "Mikono nyuma."

Mwalimu mkuu, Mwalimu Mumo, aliingia akijifuta shingo kwa leso. Alikuwa mtu wa Machakos, na miaka yote aliyokaa Mombasa haikumzoesha joto lake.

"Vimewaka?"

"Bado, mwalimu."

Aliinua kimoja. Karafuu zikamdondokea kiatuni, akazitazama.

"Bi Mejumaa, hiki ni kishikwambi au ni pilau?"

Bi Mejumaa aliinama kuziokota.

"Nilikuwa navitunza," alisema Bi Mejumaa.

"Najua. Ndiyo maana nashindwa hata kukukasirikia. Na mimi ndiye niliyekutia hofu." Akakirudisha kile kifaa polepole, kama anayelaza mtoto. "Zamani mkutubi alikuwa mlinzi. Kitabu kikipotea, anaulizwa yeye. Siku hizi wanataka mtoto ashike, abonyeze, akosee, na mkutubi awe kando yake. Sasa hawa watu nitawaambia nini?"

"Nipe leo tu."

"Leo chukua. Ya kesho sina."

Bi Mejumaa alivitia vyote katika vikapu viwili, akavifunika, akashuka ngazi. Kichochoro cha nyuma kilikuwa na kibanda cha Thoya, fundi wa simu, mtu mzima wa Kaloleni aliyefunga miwani yake kwa uzi.

"Karibu, mama. Umeniletea samaki?"

"Funua uone, baba."

Thoya alifunua, akatoa kimoja, akakigeuza mara mbili. "Hiki kimekufa na nailoni usoni. Hakikuguswa hata siku moja?"

"Havikuguswa."

"Na moto? Vilikuwa vikitiwa chaji?"

Bi Mejumaa alitikisa kichwa. Yeye alidhani kitu kisichotumiwa hakihitaji umeme, kama taa isiyowashwa isivyomaliza mafuta. Na lile kabati liliegemea ukuta unaopigwa na jua la jioni. Thoya alipapasa mgongo wa kifaa kimoja, akamwonyesha ulivyofura.

"Huyu ameumuka kama unga uliotiwa hamri. Nikimtia moto tutachoma mtaa mzima. Haya, keti. Tutazame nani bado ana roho."

Alivichomeka kimoja kimoja. Vingine alivitenga, na lile fungu lililotengwa likazidi kupanda. Alasiri ilipoadhiniwa, Thoya, ambaye ni Mkristo, alizima redio yake mwenyewe, akatandika katoni safi nyuma ya pazia. Bi Mejumaa aliswali katikati ya spika zilizovunjika na nyaya. Alifika kwenye sijida. Alitaka kuomba vifaa viwake, lakini kilichomjia ni nyuso za watoto waliosimama mbele yake mikono nyuma, wakitazama kitu walicholetewa wao. Ya Rabbi, alisema hatimaye, usiwaadhibu kwa ajili yangu. Akabaki ameinama mpaka magoti yakamuuma.

Aliporudi, vinne vilikuwa vimewaka.

"Hivi, Mungu akipenda, vitafika kesho," alisema Thoya. Alikuwa ameshabandua nailoni. "Hawa wengine niachie. Nitakuzikia."

Asubuhi wageni walipanda ngazi, Bi Caroline wa shirika na mwanamume mmoja mwenye kamera. Watoto wa darasa la tano walikuwa wamesimama kuizunguka meza, na juu ya meza vishikwambi vinne vilikuwa vinang'aa. Mbele kabisa alikuwa Winnie, msichana aliyesoma kila kitabu kwenye rafu na kuanza upya. Bi Mejumaa alimweka hapo makusudi.

"Hamjambo watoto," alisema Bi Caroline. "Nani atanisomea?"

Hakuna aliyesogea. Wote walikuwa wamefunga mikono nyuma.

"Winnie," alisema Bi Mejumaa. "Shika, mwanangu. Msomee mgeni."

Winnie alimtazama kwa wasiwasi. "Kwa mkono, Bi?"

"Kwa mkono."

"Na hatujanawa?"

Kabla Bi Mejumaa hajamzuia, Winnie alikwisha toka, na darasa zima likamfuata, kwa adabu, mstari mmoja, kama walivyofundishwa. Mferejini hakukuwa na maji siku ile. Waliteka pipani kwa kata, mmoja akimmiminia mwenziwe, na kutoka dirishani wageni waliwaona wakingoja zamu. Yule mwenye kamera alitazama saa. Mwalimu Mumo, aliyewasindikiza wageni, alizungumza habari za mvua.

Walirudi na mikono inayodondoka maji. Winnie alinyoosha kidole, akakigusa kioo taratibu. Kioo kikachanganywa na maji ya kidole. Ukurasa ukaruka, ukarudi, ukaruka tena, ukapotea kabisa. Winnie aliondoa mkono kama aliyeungua.

"Nimekiharibu," alisema. Akarudi nyuma mpaka ukutani.

Bi Caroline hakuwa mtu mkali. Alimsogelea Bi Mejumaa, akasema kwa sauti ya chini, "Hawa watoto hawajawahi kuvigusa."

"Hawajawahi."

"Kwa nini?"

"Niliwakataza mimi."

"Na vile vingine viko wapi?"

"Vimekufa." Akaonyesha rafu. "Lakini wanajua kusoma, bibi. Toa kitabu chochote hapo, mpe yeyote. Nakuomba."

"Sina shaka na hilo. Lakini mimi sikutumwa kutazama vitabu, nami nitasema nilichokiona." Alimgusa bega. "Nasikitika, wallahi. Watakuja kuvichukua leo."

Wakashuka, na Mwalimu Mumo nyuma yao.

Bi Mejumaa alisimama katikati ya chumba. Alikuwa na maneno mengi ya kumwambia Mola wake, na yote yalikuwa ni malalamiko. Kisha alisikia kwikwi. Winnie alikuwa ameuelekea ukuta.

"Nimekiharibu, na sasa maktaba itafungwa."

Hilo Bi Mejumaa hakuweza kulistahimili. Chumba kingechukuliwa, sawa. Lakini mtoto huyu asiende na mzigo usiokuwa wake.

"Njoo hapa, mama. Hukuharibu kitu. Mimi ndiye niliyewafundisha kuogopa."

Alipiga magoti, akaufuta mkono wa Winnie kwa ncha ya mtandio wake, kidole baada ya kidole, mpaka ukakauka. Akauongoza juu ya kioo. Hadithi ikafunguka. Winnie alivuta kamasi, akatazama maneno, akaanza kusoma, mwanzo kwa sauti ya kilio, halafu kwa sauti yake mwenyewe. Ukurasa ulipokwisha, aliugeuza bila kuambiwa.

Bi Mejumaa alikimbilia ngazini. Alishuka akishikilia ukuta, akatokea mlangoni. Tuktuk ya wageni ilikuwa inakunja kona mwisho wa kichochoro. Alipaza sauti, ikamezwa na mlio wa injini. Mwalimu Mumo alikuwa amesimama pale na wanaume wawili waliobeba madawati ya darasa jipya.

"Anasoma, mwalimu. Njoo umsikie."

Walipanda pamoja. Mwalimu Mumo alisimama kizingitini, akasikiliza mpaka Winnie alipovuta pumzi.

"Nimesikia," alisema. Hakutaja wageni. Alitazama rafu, akatazama sakafu. "Madawati yaingie sasa, ama baada ya kengele?"

"Baada ya kengele. Nakuomba."

"Haya. Baada ya kengele."

Akawarudisha wale wanaume chini. Bi Mejumaa aliingia ndani. Nyuma ya Winnie mvulana aitwaye Samuel alikuwa anachungulia, mikono bado ameificha mgongoni. Bi Mejumaa aliitoa ile mikono, mmoja kisha wa pili, akaanza kuikausha.