Siku Tuliyomfuata Yamile

Na ijulikane kwa walio hai na watakaozaliwa: mimi, Arbey Yatacué, mwanafunzi wa bweni, niliteuliwa kuwa Mlinzi wa ardhi ya Wanasa, sisi wenyeji wa milima ya Kolombia. Kazi yenyewe ilikuwa kubeba sufuria ya mahindi ya walinzi wenzangu.

Tulikuwa tunapanda mlima kumdai dada yangu Yamile, mwenye miaka kumi na minne. Kila mtu alisema wapiganaji wa huko juu wamemchukua. Sisi tulikuwa na fimbo zenye riboni nyekundu na kijani, na wingi wetu, basi. Karibu na kambi, mama yangu Edilma, kiongozi wa msafara, alitusimamisha kwenye mibuni akatupekua mmoja mmoja. Panga zote zikabaki majanini, maana Mlinzi hashiki silaha.

"Hata kisu cha kumenyea viazi?" akalalama mzee mmoja.

"Hata ulimi wako, kama ungeweza kuuacha."

Tukaizunguka kambi. Kamanda alikuwa kijana mwenye chunusi kama zangu.

"Mama, rudi nyumbani ukapike."

"Nimeshapika. Mwanangu hajala. Mtoe."

Watu wetu wakacheka. Nami nikacheka, kwa sauti isiyolingana na cheo changu. Kamanda hakucheka.

"Hatukumchukua. Alikuja mwenyewe. Muulizeni."

Yamile akatolewa. Bunduki aliyobebeshwa ilikaribia kumzidi kimo.

"Rudini, mama," akasema, macho kwenye buti zake. "Nimekuja mwenyewe."

Tungefanya nini? Tulijiandaa kubishana na watu wenye bunduki, si na mtoto wetu mwenyewe. Mvua ikaanza. Riboni zikaloa, zikanata kwenye fimbo. Kamanda akamshika Yamile bega, akamrudisha ndani, na hakuna aliyeinua hata mkono, kwa kuwa tulikubaliana kutotumia nguvu.

 Mama akanigeukia, taratibu.

"Arbey. Sweta aliyovaa ni ya shule yako."

"Sweta hizo ziko nyingi, mama."

"Yenye kiraka nilichoshona mimi kiwikoni?"

Nikaitua sufuria.

"Alipita bwenini kuniaga, mama. Alisema anakwenda mlimani, eti watampa simu na pikipiki. Nikadhani ananitania, kama ninavyomtania mimi kila siku. Nikamvulia sweta yangu. Nikamwambia, 'Kamanda, huko juu kuna baridi.' Nikampigia saluti."